MTI WA KRISMASI BAADA YA KRISMASI: SOMO KUTOKA KATIKA KONI ZA MVINJE



Katika toleo hili tunawaletea somo la mazingira linaloweza kufundishwa katika sharika na mitaa yetu yote ya pwani, kuanzia Mikindani na Mtwara mjini hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma. Tumelichagua kwa sababu linahusu kitu ambacho kila usharika unacho kila mwaka, nacho ni mti wa Krismasi. Kwa kawaida mti huo huletwa kanisani katika wiki ya mwisho ya Majilio, hupambwa, husifiwa, na baada ya Mwaka Mpya hutupwa jalalani au hutiwa jikoni. Somo letu linaanza pale ambapo wengi humaliza. Tunauliza: mti huu ukiachwa kanisani kwa siku chache zaidi na kuangaliwa kwa makini, una nini cha kutufundisha na kutupa?

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili, washiriki waweze:
- kueleza tofauti kati ya koni ya msindano na kile kinachoitwa koni ya mvinje;
- kukusanya mbegu kutoka katika mti wa Krismasi na kuziotesha;
- kutunza mti wa Krismasi ulio hai ndani ya ndoo badala ya kukata mpya kila mwaka;
- kutambua mahali pa kupanda mvinje na mahali pasipofaa kabisa;
- kutoa taarifa ya miti kwa ukweli, yaani ile iliyo hai na siyo ile iliyopandwa tu.

Walengwa ni watoto wa Shule ya Jumapili, vijana wa kipaimara, Umoja wa Wanawake na kamati za mazingira. Vipindi vinne vya saa moja moja vinatosha. Ila kazi ya kuangalia mti hufanyika kidogo kidogo, kila Jumapili.

1. MTI WETU NI UPI?

Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilitoka katika nchi za Wajerumani. Kuna simulizi kwamba Martin Luther ndiye wa kwanza kuweka mishumaa juu ya mti, lakini hakuna andiko la wakati wake linalothibitisha jambo hilo. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1605 mgeni mmoja aliandika kuhusu watu wa Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, kuweka miti sebuleni na kuipamba kwa waridi za karatasi na matofaa. Huko Ulaya mti uliochaguliwa ni ule usiopukutisha majani wakati wa baridi, ukiwa ishara ya uzima usiokoma.

Desturi hiyo ilifika kwetu pamoja na wamisionari. Wale tuliotoka Kilimanjaro, Iringa, Njombe au Mbeya tulizoea msindano, ambao wengine huuita paina, au msaipresi. Tulipofika Mtwara tukakuta miti hiyo haipatikani kirahisi. Watu wa pwani wakautazama mti walio nao, wenye umbo la kuchongoka na majani kama sindano, wakasema huu utafaa. Ndiyo mvinje.

Mvinje kwa jina la kitaalamu ni Casuarina equisetifolia. Asili yake ni pwani za Kusini-Mashariki mwa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini umekuwepo katika pwani yetu kwa muda mrefu kiasi kwamba jina la mji wa Kilwa Kivinje, katika Mkoa wa Lindi, huhusishwa nao. Wavuvi na wajenzi wanaujua vizuri. Nguzo zake hujenga nyumba, na kuni zake hutoa moto mkali na huwaka hata zikiwa mbichi. Katika kaunti za Kwale na Kilifi nchini Kenya, wakulima huupanda shambani kama zao la biashara kwa ajili ya nguzo.

Hapa ndipo penye tatizo linalotufanya tuandike. Mvinje unaofaa kuwa mti wa Krismasi ni ule mchanga, wa mita moja na nusu au mbili, ulionyooka na wenye matawi hadi chini. Huo ndio mti uliokwisha kupita hatari za uchanga wake, na sasa ndio kwanza umeanza kushika mchanga wa ufukweni. Tena mvinje si kama mjohoro au mwarobaini ambayo ukiikata huchipua tena kwa nguvu. Mvinje ukikatwa chini kwa kawaida hauchipui, na ukikatwa kilele hubaki na umbo baya. Kwa hiyo kila mti unaokatwa kwa sherehe ya wiki mbili ni mti mmoja umetoweka ufukweni.

Hatusemi kwamba kanisa ndilo linalomaliza miti ya pwani. Kuni, mkaa na ujenzi hutumia miti mingi zaidi. Lakini tunapowafundisha majirani zetu kutunza mazingira, huku wakituona tunaburuta mvinje mchanga kupeleka kanisani, mafundisho yetu hupungua uzito.

2. KONI NI NINI?

Mleteni mbele ya darasa tawi la mvinje lenye matunda. Kama kuna mshiriki aliyesafiri kwenda nyanda za juu, aombwe kuleta koni ya msindano ili vitu viwili vilinganishwe.

Koni ya msindano ni ghala la mbegu lililojengwa kwa magamba magumu yaliyopangwa kwa mzunguko, moja juu ya jingine. Mbegu hukaa juu ya gamba bila kufunikwa na tunda lolote, na ndiyo maana wataalamu huita miti hiyo miti ya mbegu uchi. Koni ya msindano huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa. Magamba yake yana tabaka mbili za mbao, na moja huvimba kwa maji kuliko nyingine. Hewa ikiwa kavu magamba hupinda kwenda nje, koni ikafunguka na mbegu zikapeperuka. Mvua ikija, magamba hujikunja na koni hufunga. Hili hutokea hata kama koni imeanguka siku nyingi, kwa kuwa ni kazi ya mbao na maji na wala haihitaji uhai wa mti. Iwekeni koni iliyofunguka ndani ya bakuli la maji, iacheni kwa saa chache mkiendelea na mambo mengine, kisha mwitazame. Watoto hufurahia sana jaribio hili.

Mvinje, kinyume na unavyoonekana, si ndugu wa msindano. Ni mti unaotoa maua, na kwa ukoo uko karibu zaidi na mwembe kuliko msindano. Thibitisho ni mambo matatu ambayo hata mtoto anaweza kuyaona.

Jambo la kwanza ni "majani". Chukueni uzi mmoja wa kijani na kuuvuta taratibu. Utakatika kwenye kiungo, kama muwa mdogo. Ule uzi wote ni kijitawi. Majani yenyewe ni vile vijino vidogo sana, kwa kawaida 6 hadi 8, vinavyozunguka kila kiungo. Kwa kuwa na majani madogo kiasi hicho, mti hupoteza maji kidogo, na ndiyo maana hubaki wa kijani wakati wa kiangazi, katikati ya mchanga na upepo wa chumvi.

Jambo la pili ni maua. Maua ya kiume hutokea kwenye ncha za vijitawi, kama vishuke vyembamba vya rangi ya kahawia vinavyotoa vumbi. Maua ya kike ni vifundo vidogo vyekundu vilivyokaa kwenye vikonyo vifupi pembeni mwa matawi. Hayahitaji nyuki, kwani upepo ndio hubeba vumbi hilo kutoka ua moja hadi jingine.

Jambo la tatu ni koni yenyewe. Ina urefu wa sentimita 1 hadi 2 na nusu, karibu sawa na ncha ya kidole gumba. Ukiitazama utaona imejaa vidomo vidogo, kila kimoja chenye midomo miwili kama ya kifaranga. Kila kidomo ni tunda moja la ua moja, na ndani yake mna mbegu moja nyepesi yenye bawa. Kwa hiyo koni ya mvinje ni mkusanyiko wa matunda mengi yaliyoshikana. Tunaiita koni kwa mazoea tu.

Tangu ua lipate vumbi hadi koni kukomaa hupita takriban miezi minne hadi mitano. Tofauti na baadhi ya misindano ambayo huweza kushikilia mbegu kwa miaka mingi, mvinje hauweki akiba. Koni ikikomaa na kukauka, vidomo hufunguka na mbegu huondoka. Katika mti mmoja mnaweza kukuta koni za umri tofauti: za kijani, za kahawia zilizofumba, na za kijivu zilizokwisha kufunguka na kubaki tupu.

3. KAZI YA KWANZA: KUUANGALIA MTI HADI EPIFANIA

Mwaka ambao usharika bado umekata mti au tawi, msikimbilie kulitupa. Acheni likae hadi Epifania, tarehe 6 Januari, siku ambayo kwa kalenda ya kanisa ndiyo inayofunga majira ya Krismasi. Chini ya mti tandikeni shuka jeupe au gazeti. Ondoeni mishumaa, kwa maana mvinje uliokauka hushika moto haraka. Kisha wapeni watoto daftari moja la usharika, nao waandike kila baada ya siku tatu:

- rangi ya vijitawi (kijani, kijani iliyofifia, kahawia);
- idadi ya koni katika tawi moja walilolifunga uzi;
- koni ngapi zimefumba na ngapi zimefungua vidomo;
- je, kuna kitu kimeanguka juu ya shuka?

Kwa siku za mwanzo hakutakuwa na mabadiliko makubwa. Baadaye, koni zilizokuwa za kahawia wakati mti ulipokatwa zitaanza kufunguka, na juu ya shuka vitaonekana vitu vidogo kama pumba, vya rangi ya kahawia hafifu, kila kimoja kikiwa na bawa jembamba linalopitisha mwanga. Wahudumu wa usafi wamezoea kuvifagia na kuvimwaga nje. Hizo ndizo mbegu. Kilo moja ya mbegu za mvinje huwa na mamia ya maelfu ya mbegu, hivyo hata zinazojaa kijiko cha chai zinatosha kuanzisha kitalu cha usharika.

Koni zilizokuwa za kijani kabisa siku ya kukata mti zitasinyaa, na hata zikifunguka mbegu zake mara nyingi hazioti. Waelezeni watoto sababu: tunda lililochumwa kabla ya wakati halikukamilisha kazi yake. Hivyo mkitaka mbegu nzuri, chumeni koni zilizobadilika kutoka kijani kuwa kahawia lakini bado hazijafungua vidomo.

4. KAZI YA PILI: KUOTESHA

Mbegu za mvinje hazikai muda mrefu katika joto letu. Baada ya miezi michache ghalani uwezo wake wa kuota hushuka sana. Hii ina maana kwamba mbegu za Krismasi zioteshwe Januari au Februari, siyo kusubiri mwaka ujao. Fuateni hatua hizi:

Kwanza, anikeni koni juani juu ya kitambaa kwa siku mbili au tatu, mkizifunika kwa kipande cha chandarua ili upepo wa kaskazi usipeperushe mbegu. Kisha zikung'uteni na kuondoa takataka.

Pili, tayarisheni kisanduku chenye matundu chini, kilichojazwa mchanga safi uliochanganywa na udongo kidogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, hivyo tumieni wa mtoni au uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Tatu, tafuteni mvinje mkubwa wenye afya, mchimbe kidogo karibu na mizizi yake, na kuchukua viganja viwili vitatu vya udongo wa hapo kuchanganya na udongo wa kitalu. Katika mizizi ya mvinje kuna vifundo ambamo huishi viumbe wadogo wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuilisha mti. Ndiyo maana mvinje hustawi katika mchanga ambao mahindi hayawezi kumaliza hata mwezi. Miche isiyopata viumbe hao hudumaa na kuwa ya njano.

Nne, nyunyizeni mbegu juu ya mchanga na kuzifunika kwa mchanga mwembamba usiozidi nusu sentimita. Mwagilieni kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasizifukue. Wekeni kivuli cha makuti.

Tano, jihadharini na sisimizi. Mbegu hizi ni chakula chao, na wanaweza kumaliza kisanduku kizima kwa usiku mmoja. Wekeni kisanduku juu ya meza, na kila mguu wa meza uwe ndani ya kopo la maji.

Mbegu huanza kuota ndani ya wiki moja hadi tatu. Mbegu nyingi hazitaota hata zikiwa mpya, jambo ambalo ni la kawaida kwa mti huu. Miche ikifikia urefu wa kidole, ihamishiwe kwenye viriba au chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini. Itunzwe kiangazi chote. Mvua zetu za Mtwara ni za msimu mmoja, kuanzia takriban Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miche iliyooteshwa Januari itakuwa imefikia kimo cha goti hivi mvua za mwaka unaofuata zitakapoanza, na huo ndio wakati wa kuipanda.

Tunasisitiza jambo hili kwa kamati zinazopanga kupanda miti Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa mingine tarehe hiyo inafaa. Kwetu pwani ya kusini, mche uliopandwa Aprili hupata mvua ya wiki chache tu kisha huingia kiangazi cha zaidi ya miezi mitano ukiwa na mizizi mifupi. Ni vema tukapanda mvua zinapotulia vizuri, Desemba hadi Februari, halafu tarehe 1 Aprili tuiadhimishe kwa kupalilia na kuhesabu.

5. MTI WA NDOO

Katika miche yenu, chagueni mitatu au minne iliyonyooka na kuipanda kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa chini. Baada ya msimu wa mvua mmoja au miwili mtakuwa na mti hai wa Krismasi. Mambo ya kuzingatia ni machache. Mti uingizwe kanisani siku chache kabla ya Krismasi, ukae karibu na dirisha, umwagiliwe, na mapambo yasiwe mazito. Usikae ndani zaidi ya wiki mbili, kwa sababu mvinje ni mti wa jua kali. Baada ya Epifania utolewe nje, kwanza chini ya kivuli kidogo kwa siku tatu nne, kisha juani.

Mti ukizidi ndoo, hupandwa ardhini katikati ya mvua, na ule unaofuata kwa ukubwa huchukua nafasi yake kanisani. Kwa mpango huu usharika hauhitaji tena kukata mvinje wa ufukweni, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili kuna mti mmoja unaoondoka kanisani kwenda kuishi. Vijana wa kipaimara wa mwaka husika wanaweza kukabidhiwa mti wao.

6. MAHALI PA KUPANDA NA MAHALI PASIPOFAA

Nguvu ya mvinje imeonekana pengi. Mfano unaojulikana sana Afrika Mashariki ni wa Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kurudisha uhai katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni 3 tu zilizostahimili, na mvinje ulikuwa mmojawapo. Majani yake yaliyodondoka hayakuoza upesi, hadi walipoletwa majongoo ambao waliyala na kuyageuza kuwa udongo. Miti mingine ilifuata baadaye. Leo mahali hapo ni hifadhi inayotembelewa na wageni wengi.

Lakini mti wenye nguvu ukipandwa pasipo pake huleta madhara. Huko Florida, Marekani, mvinje umeorodheshwa miongoni mwa miti vamizi. Hufunika ufuo kwa majani yake, huzuia mimea mingine kuota, na mizizi yake huwazuia kasa kuchimba viota. Sisi tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako kasa hutaga mayai na mikoko bado ipo. Hivyo basi:

- Msipande mvinje katika fukwe zinazotumiwa na kasa. Waulizeni kwanza wahifadhi na wavuvi wazee.
- Msipande mvinje mahali pa mikoko. Penye tope na maji ya bamvua, mlinzi wa pwani ni mkoko, na mvinje hauwezi kazi hiyo.
- Msipande karibu na kuta za nyumba za kale za mawe za Mikindani wala karibu na visima.
- Pandeni mvinje katika viwanja vya kanisa na shule, mipaka ya mashamba, na sehemu za mchanga mtupu nyuma ya ufukwe, juu ya alama ya bamvua.
- Msipande mvinje peke yake. Changanyeni na minazi, mikorosho na miti ya asili ya mahali penu.

Aidha, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka masharti juu ya shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kabla ya kupanda, kamati iende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa afisa misitu wa Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani au wilaya husika, na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari. Ufukwe ni wa wote. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mti unaotoka kanisani hautaishi kama wao hawakuupokea. Waalikeni tangu kwenye kitalu, wapeni miche kwa ajili ya madrasa na nyumba zao, na msiweke alama ya kanisa kwenye mti wa ufukweni. Mbuzi wa jirani aliyeshirikishwa hufungwa, na wa jirani aliyepuuzwa hula miche.

Umuhimu wa kazi hii tumeukumbushwa na bahari yenyewe. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania. Hakuna mstari wa miti unaoweza kuzuia kimbunga. Lakini miti iliyochanganyika hupunguza upepo wa kila siku unaopeperusha mchanga kuingia mashambani na majumbani, na mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi.

7. KUHESABU: NENO KWA KAMATI NA WAFADHILI

Ni rahisi kuhesabu miche siku ya kupanda, kukiwa na mgeni rasmi na mpiga picha. Taarifa husomeka vizuri. Lakini mche uliopandwa si mti. Tunapendekeza kila usharika uwe na daftari la miti lenye safu nne: tarehe ya kupanda, idadi iliyopandwa, idadi iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, na idadi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Safu ya tano iwe ya sababu ya kufa: mbuzi, ukame, mchwa, moto, kukatwa.

Wafadhili wetu wapendwa, tunawaomba mpokee taarifa za namna hii hata namba zake zikiwa ndogo. Usharika unaosema "tulipanda 40, wamebaki 11, mingi ililiwa na mbuzi" umewaambia jambo ambalo mnaweza kulisaidia, pengine kwa uzio wa miti au kwa mkutano na wafugaji. Usharika unaosema "tulipanda 1,000" na kuishia hapo hamjui wameacha nini nyuma. Kitalu kinachoanza na mbegu zilizookotwa chini ya mti wa Krismasi hakihitaji fedha nyingi. Kinachohitajika zaidi ni maji ya kiangazi na mtu mmoja wa kukitunza kila siku, na hapo ndipo msaada wenu ungefaa zaidi.

8. TAFAKARI

Someni Yohana 12:24. Bwana anafundisha kwamba punje isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake. Tawi la mvinje lililoko kanisani limekwisha kukatwa, linakauka, na kwa macho yetu uzuri wake umepita. Ni katika kukauka huko ndipo koni zake hufunguka. Someni pia Isaya 11:1, juu ya chipukizi litokalo katika shina la Yese, andiko tunalolisikia kila Majilio. Mungu ameanzisha mambo makubwa kwa kitu kidogo kinachodhaniwa kimekwisha. Krismasi ni habari ya Mtoto aliyezaliwa na kulazwa horini, lakini wokovu wetu ulikuja kwa kuwa alikua. Tusiishie kusherehekea kuzaliwa bila kutunza kilichozaliwa.

9. MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mti wa Krismasi wa usharika wetu mwaka jana ulitoka wapi? Nani aliukata, na mahali hapo pana nini leo?
2. Kwa nini koni ya kijani haitoi mbegu nzuri? Ni mambo gani katika usharika wetu tunayavuna kabla hayajakomaa?
3. Tajeni sehemu tatu za mtaa wetu zinazofaa kupandwa mvinje na sehemu tatu zisizofaa. Toeni sababu.
4. Nani atamwagilia miche mwezi Agosti, wakati visima vimepungua maji? Andikeni majina na zamu kabla ya kuotesha.
5. Katika miti tuliyopanda miaka mitatu iliyopita, mingapi iko hai? Nendeni mkaihesabu kwa miguu, wala msikisie.

Daftari za watoto na hesabu za miti ziletwe kwa mratibu wa miradi wa dayosisi pamoja na taarifa za robo mwaka.